Muhuri wa Old Trafford uko kwa nani?

Mimi ni wa Arsenal tangu enzi za Arsène Wenger, kwa hiyo leo naandika kuhusu mahasimu. Tarehe 25 Januari 2026 Manchester United walikuja Emirates wakatufunga 3-2. Bryan Mbeumo alisawazisha kipindi cha kwanza, na Matheus Cunha akapiga la ushindi dakika chache tu baada ya sisi kurudisha la pili. Nililala vibaya usiku ule.

Kilichoniuma kuliko matokeo ni majina ya hao wafungaji. Wote wawili walisajiliwa kiangazi cha 2025, Cunha kutoka Wolves na Mbeumo kutoka Brentford, wakati kocha alikuwa Ruben Amorim. Siku wanatufunga, Amorim alikuwa ameshatimuliwa tangu tarehe 5 mwezi huohuo, na Michael Carrick, aliyepewa timu hadi mwisho wa msimu, hakuwa amemaliza hata wiki mbili kazini. Kazi yangu ni kuchambua jinsi klabu zinavyosajili na kutumia fedha zao, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko pointi tatu. Kocha ameondoka, mfumo umebadilika, na wachezaji aliowaacha bado wana kazi ya kufanya. Old Trafford, nyumbani kwa United, hilo lilikuwa nadra kwa zaidi ya miaka kumi.

Turudi 2013. Watu wanakumbuka kwamba Alex Ferguson alistaafu baada ya kubeba ubingwa wa 13 wa Ligi Kuu. Wanasahau kwamba David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa akikamilisha usajili, aliondoka kiangazi hichohicho. Mahali pake akakaa Ed Woodward, mtu aliyetoka kwenye benki, hodari wa mikataba ya udhamini. Klabu haikuwa na mkurugenzi wa soka wa kusimamia usajili hadi Machi 2021, John Murtough alipopewa cheo hicho. Katika miaka ile minane kila kocha alikuja na orodha yake: Moyes, Van Gaal, Mourinho, Solskjær. Mmoja anataka mabeki warefu, mwingine viungo wa kupiga pasi, anayefuata mawinga wa kukimbia. Kikosi kikawa kama nyumba iliyojengwa na mafundi wanne, kila mmoja na ramani yake.

Hasara ya namna hiyo haionekani uwanjani tu. Klabu ikinunua mchezaji, bei yake haiingii yote kwenye gharama za mwaka mmoja. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Mchezaji wa paundi milioni 80 mwenye mkataba wa miaka mitano anahesabiwa milioni 16 kila mwaka. Kocha mpya asipomtaka, zile 16 zinaendelea kuhesabiwa, na mshahara juu yake. Baada ya miaka mitatu bado ana thamani ya milioni 32 kwenye vitabu. Ukimuuza kwa 20, umeandika hasara ya 12. Antony alinunuliwa 2022 kutoka Ajax kwa yuro milioni 95 kabla ya nyongeza, kwa sababu Erik ten Hag alimjua tangu huko. Mwaka 2025 akaenda Betis moja kwa moja kwa takriban robo ya bei hiyo. Na hadi msimu wa 2025/26 sheria za Ligi Kuu ziliruhusu klabu kupata hasara isiyozidi paundi milioni 105 ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo makosa ya aina hiyo yalikufunga mikono hata kama ulikuwa na fedha.

Matokeo yake unauza wa nyumbani. Mchezaji aliyekulia kwenye akademi hana bei ya kununuliwa kwenye vitabu, hivyo karibu kila senti ya mauzo ni faida. Scott McTominay aliuzwa Napoli 2024, na msimu wake wa kwanza tu akatwaa ubingwa wa Italia na kuchaguliwa mchezaji bora wa Serie A. Hata mimi hasimu nilimsikitikia yule kijana wa Carrington, uwanja wao wa mazoezi.

Jim Ratcliffe alipokamilisha ununuzi wa asilimia 27.7 ya hisa Februari 2024 na kukabidhiwa shughuli za soka, nilidhani sasa wataamka. Majina aliyoyakusanya yalikuwa mazito: Omar Berrada kutoka Manchester City awe mtendaji mkuu, Dan Ashworth kutoka Newcastle awe mkurugenzi wa michezo, Jason Wilcox kutoka Southampton awe mkurugenzi wa ufundi. Halafu mwaka wao wa kwanza ukawa vurugu tupu. Ten Hag alibeba Kombe la FA Mei, wakatafuta mrithi wake hadharani, wakaghairi, wakamwongezea mkataba, wakamnunulia De Ligt na Mazraoui aliowahi kuwafundisha Ajax, kisha wakamfukuza tarehe 28 Oktoba. Ashworth, waliyemsubiri miezi akiwa likizo ya lazima Newcastle, aliondoka Desemba baada ya miezi mitano. Mahesabu ya klabu yalionyesha kwamba kuachana na Ten Hag, wasaidizi wake na Ashworth kuligharimu paundi milioni 14.5. Mwaka huohuo wafanyakazi wa kawaida wapatao 250 walipunguzwa, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba hadi 200 wengine wangewafuata. Watu wa jikoni na wa ofisini walibebeshwa gharama ya makosa ya walioketi juu yao, na sioni ushindi wa uwanjani unaoweza kulifanya hilo liwe sawa.

Akaletwa Amorim, mtu ambaye Ulaya nzima inajua anacheza 3-4-3, mfumo wa mabeki watatu, akabidhiwe kikosi kilichonunuliwa kwa ajili ya mabeki wanne. Msimu ukaishia nafasi ya 15 na pointi 42, mbaya kuliko wowote tangu waliposhuka daraja 1974. Fainali ya Europa League wakapoteza 1-0 mbele ya Tottenham.

Alipoondoka Januari 2026, mzozo ulikuwa juu ya mamlaka. Amorim alisema wazi kwamba alikuja kuwa meneja, si kocha tu. Si suala la heshima ya cheo. Meneja, kwa mila ya England, ana kauli kwenye usajili; kocha mkuu anafundisha wachezaji anaoletewa na ofisi. Kwa maoni yangu ofisi ilikuwa sahihi kulinda mamlaka yake, lakini ilikosea siku ya kwanza. Huwezi kuajiri mtu kwa ajili ya mfumo wake kisha uanze kumsumbua kwamba aubadilishe.

Najua hali hii kwa sababu tumepita humo. Arsenal tulimaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Katika dirisha la usajili la Januari 2021 tuliachana na Özil, Sokratis na Mustafi kabla mikataba yao haijaisha. Kiangazi kilichofuata tulisajili wachezaji sita, wote wenye miaka 23 au chini yake, Ødegaard na Ben White wakiwemo. Mashabiki wengi tulilia, mimi nikiwa mmoja wao. Kocha Mikel Arteta na Edu, bosi wa usajili, walikuwa wanatazama ramani moja, na Edu alipoondoka Novemba 2024 ramani ilibaki mezani. Mrithi wake, Andrea Berta, akaikuta.

Msimu wa 2025/26 United walianza kufanana na hilo, na ndiyo maana nina wasiwasi. Wilcox alikuwa amepanda kuwa mkurugenzi wa soka, Christopher Vivell akisimamia usajili, na wote walibaki baada ya kocha kwenda. Mwaka wa fedha wa 2024/25 mapato yalifika rekodi ya paundi milioni 666.5, na hasara ikashuka hadi milioni 33 kutoka 113.2. Mbeumo alikuja akiwa na mabao 20 ya ligi, Cunha 15, na kipa Senne Lammens kutoka Antwerp hakuwagharimu sana.

Ila msimu huo walikuwa na mechi 40 tu, hawakuwa na mashindano ya Ulaya, na makombe ya nyumbani waliyatoka mapema. Carrick alikuwa na wiki nzima ya mazoezi kati ya mechi na mechi, nafasi ambayo kocha haioni timu ikiwa Ulaya. Kwa hiyo ushindi wa Januari siupimi sana. Mkataba wa kiungo Casemiro ulikuwa wa kuisha kiangazi cha 2026, na katikati ya uwanja palihitaji kusukwa upya. Nilichotaka kuangalia ni kitu kimoja: je, wangemtafuta kocha anayefaa kwa viungo waliokwisha kuwapanga, au wangesubiri kocha aje na orodha yake?