Kufuma Bendera ya Tanganyika kwa Kroshia: Hesabu Kabla ya Uzi

Mzazi anapoomba nimsaidie mwanawe kufuma bendera ya kihistoria kwa ajili ya kazi za mikono za shuleni, mimi humuuliza kwanza ni bendera ya mwaka gani, kwa sababu jibu hilo ndilo huamua kama mtoto ataimaliza kabla shule hazijafungwa. Bendera ya sasa ya Jamhuri ya Muungano ina mkanda mweusi wa mshazari, na mshazari katika kroshia hudai kubadili rangi katikati ya kila safu huku nyuzi kadhaa zikining'inia nyuma ya kazi. Ile ya Zanzibar ya Desemba 1963, nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili za njano, inapendeza mno, lakini duara na karafuu hizo tumwachie fundi aliyekomaa. Kwa mwanafunzi anayejua mnyororo (vitanzi vinavyofuatana) na kishono kifupi (kishono cha msingi cha kroshia) tu, mimi huchagua bendera ya Tanganyika.

Bendera hiyo ilipandishwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na Luteni Alexander Nyirenda akaisimika kileleni mwa Kilimanjaro pamoja na mwenge. Msingi wake ni bendera ya TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru, yaani kijani juu, nyeusi katikati na kijani chini. Tofauti ni mikanda miwili myembamba ya rangi ya dhahabu inayotenganisha nyeusi na kijani. Buluu haimo kabisa. Rangi hiyo iliingia katika bendera ya taifa mwaka 1964, baada ya Tanganyika kuungana na Zanzibar, na mwanafunzi anayeitia katika kazi yake amefuma historia ya nchi nyingine, hata kama vishono vyake vimenyooka.

Kabla ya kuanza, mwanafunzi afume sampuli ya mraba kwa uzi uleule na sindano ileile atakayoitumia, kisha apime sentimita 10 katikati yake. Kwa uzi wa sweta wa unene wa wastani na sindano ya milimita 5, mkono wangu hutoa vishono vifupi 16 kwa upana na safu 20 kwa kimo. Maana yake ni kwamba kishono kifupi ni kipana kuliko kimo chake, na hapo ndipo wengi hupotea: huchora bendera kwenye daftari la hesabu, wakahesabu kila kijisanduku kuwa kishono kimoja, wakafuma vishono 96 kwa safu 64 wakitarajia uwiano wa 3 kwa 2, na mwisho wakapata kitambaa cha sentimita 60 kwa 32, kilichobonyea kama mkate uliokosa hamira. Ili kupata sentimita 60 kwa 40, sampuli yangu inadai vishono 96 na safu 80.

Safu hizo 80 mimi huzigawa hivi, uzi wa njano ukiwa badala ya dhahabu: kijani 24, njano 4, nyeusi 24, njano 4, kijani 24. Ni mgawanyo wangu mwenyewe, na nimeuchagua kwa sababu unaiacha njano ibaki nyembamba na kwa sababu kila namba inagawanyika kwa mbili. Kazi inapogeuzwa kila mwisho wa safu, idadi shufwa hufanya rangi zote zibadilike kwenye ukingo mmoja na maungio yote yawe safi upande wa mbele. Ukiweka safu 3 katika kila mkanda wa njano, ungio moja la kila mkanda litaonyesha vidoto vya rangi mbili mbele ya bendera, na hakuna pasi itakayoviondoa.

Anza na mnyororo wa vitanzi 97, uliofumwa kwa sindano kubwa kidogo ili ukingo usivute, kisha fuma kishono cha kwanza katika kitanzi cha pili kutoka kwenye sindano. Rangi mpya haiingii mwanzoni mwa safu mpya, bali katika kishono cha mwisho cha safu inayokwisha: vitanzi viwili vikiwa bado juu ya sindano, vuta uzi wa rangi mpya upite katika vyote viwili, ndipo ufume mnyororo mmoja na kugeuza kazi. Hesabu vishono kila baada ya safu chache, kwa kuwa wanaoanza hukiruka kishono cha mwisho bila kujua, na bendera ikawa inasinyaa kuelekea juu. Mkanda mweusi ufumwe mchana. Usiku hata mimi sivioni vitanzi vyake.

Uzi wa akriliki, yaani wa sintetiki, usipigwe pasi ya moto, kwani hulegea na haurudi tena. Loanisha bendera, ivute kwa pini juu ya godoro lililofunikwa taulo hadi vipimo vitimie, uiache ikauke. Ukingo wa rangi nyingine usiongezwe, maana bendera yenyewe haikuwa nao. Mikia ya nyuzi ifichwe kila mmoja ndani ya rangi yake, kisha ukingo wa kushoto ushonewe kwenye fimbo nyembamba, na kibandiko kiandikwe: Tanganyika, 1961–1964.