Miwani ya uhalisia pepe haimtengi mzee na watu

"Mkimvisha babu hilo dude, mmemtenga na watu." Niliisikia kauli hiyo barazani Ngamiani, Tanga, kijana mmoja alipotuletea miwani ya uhalisia pepe, ile inayoziba macho na kumwonesha mvaaji picha kana kwamba yuko mahali pengine. Wengi waliitikia. Mimi nakataa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwavisha miwani hiyo wazee 245, wa miaka 65 hadi 103, kwa vipindi vifupi. Karibu asilimia 60 walisema hisia ya kutengwa na watu imewapungua. Si ajabu: mtu akioneshwa mji aliokulia, hanyamazi.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Babu aliacha bao lake, akavaa, akaoneshwa treni ikikatiza mashamba. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Kisha akaanza: marobota ya mkonge, mnyapara, mshahara wa kwanza. "Mnaiona lakini?" Hatukuona kitu, ila kahawa ilipoa tukimsikiliza.

Na wanaosema wazee wanaogopa mashine? Kinachowakera ni uzito shingoni, na vitufe vidogo kwa vidole vyenye yabisi. Kichefuchefu kipo pia: macho yanaona safari, sikio la ndani linajua umekaa, ubongo unachanganyikiwa. Hata vijana huwapata (aliyeleta miwani alitapika siku ya kwanza, akakiri mwenyewe).

Basi mkalishe kwenye kiti imara, mchagulie picha tulivu, na umsemeshe kabla ya kumgusa bega. Hakuoni.