Maji Maji: mshindi alisahau, mshindwa akakumbuka kwa namna mbili

Wajerumani walipofunga hesabu ya Vita vya Maji Maji (1905–1907), ambavyo watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipigana kuupinga utawala wao, upande wao waliorodhesha Wazungu 15 waliouawa, pamoja na askari na ruga-ruga (wapiganaji wasaidizi) wa Kiafrika 389. Kwa upande wa pili takwimu zao zilitaja watu 75,000. Baada ya uhuru, mwanahistoria Gilbert Gwassa alipiga hesabu upya akafika kati ya 250,000 na 300,000, maana aliwaingiza na waliokufa kwa njaa. Ninapofundisha vita hivi huanzia hapo kwenye hesabu. Mshindi alihesabu walioanguka vitani. Mshindwa anamhesabu hata mtoto aliyekufa mwaka uliofuata, wakati bunduki zilishanyamaza.

Na njaa ile haikuja yenyewe. Kapteni Wangenheim alimwandikia Gavana Götzen kwamba ni njaa tu itakayowafanya watu wasalimu amri kabisa, na hivyo ndivyo ilivyotendeka: vijiji vikachomwa, maghala yakaporwa, mashamba yakateketezwa. Nchi ya Wangindo na majirani zao ilibaki pori, na sehemu yake baadaye ikawa ndani ya pori la akiba la Selous. Vizazi vya watalii vimepita humo kuangalia tembo bila kujua kwamba palikuwa na watu.

Wakubwa wa Kijerumani walipoeleza chanzo cha vita walitilia mkazo uganga: Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, dawa ya maji ya kukinga risasi, watu waliopumbazwa. Umatumbini, nchi ya Wamatumbi vita vilikoanzia, habari inaanza kwingine kabisa. Inaanza kwenye shamba la pamba la kulazimishwa, kodi, na viboko vya akida, msimamizi aliyewekwa na serikali. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na hiyo ndiyo iliyokuwa tangazo la vita. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, kabla hata ya mapigano makubwa ya Mahenge na kabla Wangoni hawajaingia. Kama kila kitu kilitoka kwa mganga mmoja, vita vingeishia kwenye kamba yake.

Kisha mshindi akasahau. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni baada ya 1918, ikapita kwenye maafa makubwa zaidi, na Maji Maji ikabaki kwa wataalamu wachache. Hata leo Mjerumani wa kawaida ana nafasi kubwa zaidi ya kuwa amesikia habari za mauaji ya Waherero na Wanama wa Namibia kuliko za Songea, mji wa kusini ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa. Ilichukua hadi tarehe 1 Novemba 2023 kwa rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, kusimama Songea mbele ya wajukuu wa walionyongwa na kuomba msamaha. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni, ambalo ukoo wake unaamini lilipelekwa Ujerumani. Mimi naiona ahadi hiyo kuwa nzito kuliko hotuba yenyewe. Mwaka huohuo watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu ya makumbusho yao na familia za Kilimanjaro, kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Kwetu, mshindwa alikumbuka, na akakumbuka kwa kusudi. Mwaka 1956 Nyerere, akiwa Umoja wa Mataifa, aliwataja wapiganaji wa Maji Maji kama watu waliokataa haki ya mzungu kuwatawala. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee, kazi ambayo bila yake tungekuwa na mafaili ya Kijerumani tu. Kila Februari 27 Songea humkumbuka Nkosi (mtawala) wa Wangoni Mputa Gama na wenzake walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai Songea Mbano, akakataa, akadai anyongwe kama wenzake.

Kumbukumbu hiyo ni ya haki, na imelijenga taifa. Lakini ukikaa na wazee wa kusini kwa muda, unasikia nyingine chini yake. Simulizi haianzi na ushujaa. Inaanza na bibi aliyekula mizizi, na ukoo uliohama usirudi. Wapo wanaowalaumu waleta maji kwa uchungu, kwa sababu dawa iliyoahidiwa kugeuza risasi kuwa maji haikufanya hivyo. Peramiho, kwenye misheni ya Kikatoliki karibu na Songea, mambo yamechanganyika zaidi: Askofu Cassian Spiss aliyeuawa na wapiganaji mwaka 1905 anakumbukwa na Kanisa, na wengi wa walionyongwa Songea walibatizwa kabla ya kufa. Mjukuu mmoja anaweza kuwarithi wote.

Halafu kuna wale Waafrika 389 waliokufa upande wa Wajerumani. Jeshi lililoshinda lilikuwa na maofisa wachache wa Kizungu. Walioshika bunduki walio wengi walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Wahehe, ambao miaka kumi tu kabla walipigana na Mjerumani chini ya mtawala wao Mkwawa, safari hii walisimama upande wake. Hao ni washindi pia, na watoto wao ni raia wenzetu, lakini hawana siku ya kukumbukwa. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ni ya Waingereza, ya mwaka 1927, kwa ajili ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyumbani, koo hizo zilijifunza kunyamaza, maana hadithi ya taifa haikuwaachia nafasi nyingine isiyo ya usaliti.

Sioni kama kuwasikiliza kunamvunjia heshima Mputa Gama. Vijana wale waliingia jeshini kwa mshahara, kwa ugomvi wa zamani na majirani, kwa kukosa njia nyingine. Tukiziacha sababu hizo, hatutaeleza kamwe jinsi Wazungu wachache kiasi kile walivyoiteketeza sehemu kubwa ya kusini mwa nchi. Wajukuu wa walionyongwa tumewahoji kwa zaidi ya miaka hamsini. Wajukuu wa ruga-ruga karibu hatujawagusa, na wale waliosikia habari kutoka kwa waliokuwepo wanazidi kupungua. Ikiwa kwenu kuna mzee mwenye simulizi hiyo, mrekodi mwaka huu, kwa lugha anayoizungumza mwenyewe, na umwache aanze anapotaka.