Seva Chini ya Meza: Tunachokiogopa Sicho

Kila anayeiona laptopu yangu yenye kioo kilichopasuka ikiwaka usiku kucha kama seva chini ya meza huuliza yaleyale: umeme je? Iligharimu kiasi gani? Hukusomea kompyuta, umewezaje? Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza nakala za mafaili naziweka wapi. Miaka michache ya kuchezea seva nyumbani hapa Dar es Salaam imenionyesha kwamba watu huogopa pasipo na hatari, na penye hatari hupita bila kugeuka.

"Seva ni limashine la kwenye chumba chenye kiyoyozi"

Useva ni kazi, si umbo. Kompyuta yoyote inayokaa ikisubiri kuombwa kitu na kukitoa ni seva. Seva ya kwanza kabisa ya wavuti ilikuwa kompyuta ya mezani aina ya NeXT, aliyoitumia Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Geneva, mwaka 1990. Ilibandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu kuwaomba watu wasiizime. Niliposoma hilo nilicheka, maana wiki hiyohiyo mdogo wangu alikuwa ameichomoa ya kwangu apige pasi. Sasa nayo ina karatasi yake.

Laptopu kuukuu ina kitu ambacho seva nyingi za bei mbaya hazina ndani yake: betri. Umeme ukikatika haizimiki ghafla. Ila ruta huzimika, kwa hiyo seva hubaki hai ikijisemesha peke yake gizani, mpaka umnunulie ruta naye kijisanduku chake cha betri cha volti 12. Tena betri ya laptopu ikikaa imejaa asilimia 100 usiku na mchana huweza kuvimba. Kama mashine yako ina mpangilio wa kuchaji hadi asilimia 80 tu, uwashe leo.

Kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla: yangu ikiwa imetulia inakula wati 12 hivi. Kwa mwezi wa saa 720 hizo ni uniti 8 na nusu na ushee, sawa na pasi ya wati 1,000 kwa dakika 17 kila siku. Kwa nguo anazonyoosha mdogo wangu, sidhani seva ndiyo ya kulaumiwa.

"Programu huria ni za bure, tena ni salama"

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo aliyoyaandika mtengenezaji, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Hapa Kiswahili kimetutendea wema. Kiingereza kina neno moja, "free", linalobeba uhuru na bure kwa pamoja, na tangu mwanaprogramu Richard Stallman alipotangaza GNU, mradi wa kutengeneza programu za namna hii, mwaka 1983, watetezi wa programu hizi hawajapumzika kueleza wanamaanisha lipi. Sisi tuna huria, na tuna bure. Leseni ya GPL, iliyotokana na mradi huo, inakuruhusu kabisa kuiuza programu. Inachodai ni kwamba unayempa apate na msimbo wake, pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe. Debian, mfumo huria unaoendesha seva yangu, sikuilipia shilingi. Nimeilipia usingizi.

Na usalama? Husemwa kwamba msimbo ukiwa wazi wengi wanautazama. Wengi wanaweza kuutazama. Kama wanautazama, hiyo ni habari nyingine. Kasoro iliyopewa jina la Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kuficha mawasiliano, miaka miwili, hadi Aprili 2014, na programu hiyo ilikuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Machi 2024 mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, Andres Freund, alifichua mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, programu huria ya kubana mafaili, kwa sababu tu kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Msimbo kuwa wazi kulimwezesha kuufuatilia hadi mwisho. Lakini kwanza alihitajika mtu mkaidi, wa kukerwa na nusu sekunde.

"Nani ahangaike na kaseva kangu?"

Hakuna anayehangaika nawe, na hiyo ndiyo shida yenyewe: roboti hazichagui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu inayoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za IPv4, namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti, kwa chini ya dakika 45, kwa kompyuta moja. Siku ya kwanza nilipofungua SSH kwa dunia, chai ilikuwa haijapoa kikombeni na orodha ya matukio ya seva ilishajaa majaribio ya kuingia kama "root" na "admin", majina ya kawaida ya wasimamizi. Nilizima nywila nikaacha funguo za kidijitali peke yake. Wanaendelea kubisha hadi leo.

"Ukishakuwa na intaneti, tovuti yako itaonekana kote"

Wengi hukwama hapa siku mbili tatu wakidhani wamekosea mpangilio mahali. Anwani za IPv4 ni bilioni 4.3 hivi, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za mtandao huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama nyumba ya kupanga: vyumba ishirini, geti moja. Kutoka unatoka utakavyo, lakini mgeni akigonga getini bila kutarajiwa, hakuna wa kujua amfungulie kwa niaba ya nani.

Fungua ukurasa wa ruta yako utazame anwani iliyopewa kutoka nje. Ikianza na 100, na namba ya pili ikiwa kati ya 64 na 127, umo ndani ya nyumba hiyo, na hata ukifungua poti zote, yaani milango yote, ya ruta hakuna atakayekufikia. Dawa niliyoiona rahisi ni kukodi kiseva kidogo chenye anwani ya wazi, kisha seva ya nyumbani yenyewe itoke na kukifuata kwa WireGuard, programu ya kutengeneza njia ya siri kati ya mashine mbili, na kuiacha njia hiyo wazi. Wageni hugonga kule, wanapitishwa hadi chini ya meza yangu. Ukipewa IPv6, anwani za aina mpya zisizo na uhaba, afadhali zaidi. Ila jiulize kwanza kama unahitaji kuonekana. Nusu ya vilivyomo kwenye seva yangu, picha na vitabu, dunia haina haja navyo.

Mengine nayapitia mbio. PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, haijafa: Wikipedia na WordPress zinaendeshwa nayo. Kufuli kwenye kivinjari halisemi mwenye tovuti ni mwaminifu, linasema mazungumzo yenu njiani yamefichwa. Tapeli anapata cheti cha kuweka kufuli hilo kutoka Let's Encrypt, watoaji wa vyeti, bila malipo kama nilivyopata mimi. Na barua pepe? Wanaoogopa kuiendesha nyumbani wako sahihi. Zangu zilikuwa zikiishia kwenye taka za watu, nikanyoosha mikono.

"Nina diski mbili, sina wasiwasi"

Nami nilikuwa nazo mbili, na simu ikilandanishwa na seva kila dakika. Siku moja simu ikajaa, nikafuta folda ya picha za harusi ya binamu ili nipate nafasi. Programu ikatii: ikafuta kwenye seva, na kwa kuwa diski zile mbili ziliandika kitu kilekile kwa wakati uleule, ikafutika zote. Diski mbili zinakukinga na diski kufa. Na kidole chako hazikukingi.

Siku hizi seva huweka kila usiku nakala yenye tarehe yake, ambayo simu haiwezi kuigusa, na mara moja kwa mwezi narudisha faili moja nione kama kweli linafunguka. Nakala ya tatu iko Morogoro kwa dada, kwenye diski aliyoifunga ndani ya kanga kabatini. Hajui ina nini. Anajua tu kwamba haiazimwi.