Je, wajua kwa nini laga nyeusi si kali kama rangi yake?

Mwekee mnywaji wa Dar au Nairobi glasi ya bia nyeusi, swali la kwanza ni: "Hii ina asilimia ngapi?" Tumezoea stauti, basi weusi na ukali tunavidhania ndugu. Kumbe dunkel, laga nyeusi ya Munich, Ujerumani, ina kilevi cha asilimia 5 hivi, sawa na laga ya njano.

Rangi yake hutoka kwenye kimea, yaani shayiri iliyolowekwa, ikachipua, kisha ikakaushwa kwa joto. Joto likipanda, sukari na asidi amino (vijenzi vya protini) za nafaka hukutana na kuzaa rangi ya hudhurungi, pamoja na ile harufu ya ganda la mkate uliotoka tanuri. Mwanakemia Mfaransa Louis Camille Maillard alilieleza badiliko hilo mwaka 1912, ila mpika chapati yeyote analijua kwa macho. Kimea cha dunkel kwa sehemu kubwa hukaushwa tu hadi kikolee, hakikaangwi mpaka kiungue. Ndiyo maana ulimi hukutana na mkate na karanga, pengine chokoleti kwa mbali, badala ya uchungu wa kahawa.

Hamira nayo ina mkono wake. Ya laga hufanya kazi kwenye baridi, nyuzi 10 hivi, kisha bia hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri. Jina lenyewe linatokana na neno la Kijerumani la kuhifadhi. Harufu za matunda hazipati nafasi, kimea kinabaki kikisikika peke yake.

Na kwa nini Munich? Maji yake yana chokaa nyingi, na asidi ya kimea cheusi huyasawazisha. Plzeň, mji wa Bohemia (leo Jamhuri ya Cheki) wenye maji laini, ndiko Josef Groll alikopika laga ya dhahabu mwaka 1842. Kwa hiyo hii ya njano tunayoiita "ya kawaida" ndiyo iliyokuja baadaye!

Sasa mhudumu akikuuliza, "Ya moto au ya baridi?", hapo pana mtihani. Baridi kali huficha ladha yote niliyoieleza, na ya moto inachosha. Mimi huitoa kwenye friji na kuiacha mezani dakika kumi.