Gari kuwa na rikoli (kiwanda kuita gari zirudi zirekebishwe kasoro) haimaanishi imefungiwa otokrosi, yaani mbio za kuzunguka koni

Wakuu, nimechoka. Kila mtu anayeleta Impreza au Vitz hapa gereji Mwanjelwa, Mbeya, aiandae kwa mbio za koni lazima aniulize, "fundi, nimeona kwenye grupu modeli hii ina rikoli, si watanikataza kukimbia?"

Rikoli haifungii modeli jamani. Inaenda kwa namba ya chasisi, gari mbili zinaweza kufanana mpaka rangi na mwaka, moja imo nyingine haimo, au ilikuwemo ikabadilishwa kifaa hukohuko Japani kabla ya kupanda meli. Na mkaguzi wa otokrosi anaangalia gari iliyosimama mbele yake: nati za magurudumu, betri imefungwa, pedali ya breki haizami, bearingi hazichezi, pedali ya mafuta inarudi ukiachia mguu. Hata kule Marekani kwa SCCA, chama cha mbio za magari, ni hivyohivyo, hakuna anayekudai barua ya kiwanda, aina wanayoikataa ni gari zenye kimo kirefu na upana mdogo zinazopinduka kirahisi. Kinachoweza kukuhamisha daraja la mashindano ni kubadilisha springi au kufunga tabo, siyo kuwekewa kifaa kilekile kipya cha kiwanda.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi watu wanavyocheki. Mtu anachukua namba ya chasisi ya gari ya Japani anaiingiza kwenye tovuti ya Marekani inayotaka tarakimu na herufi 17, yake ni fupi inaanza na GDB au SCP, tovuti inaikataa, anakuja anacheka "haina rikoli fundi". Haijakuambia haina, imekuambia haiijui! Fungua boneti, piga picha namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe (kwenye kadi ya gari wanachanganya sifuri na O), ingia tovuti ya Kijapani ya aliyeitengeneza, simu itakutafsiria.

Eti umepita ukaguzi basi rikoli imeisha? Nani alifungua usukani akaangalia eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka ukigonga?

Eti Mbeya kuna baridi, eabegi za Takata, ile kampuni ya Japani iliyorikoliwa, hazina shida? Amonia naitreti iliyomo, kemikali inayolipuka kuijaza eabegi, inachoka kwa unyevu na joto kupanda na kushuka miaka na miaka, na gari yako imekaa Japani, imekaa bandarini Dar, na kila mwezi unashuka nayo Kyela. Ikilipuka vibaya kasha la chuma linarusha vipande, watu wamekufa. Japani wenyewe tangu 2018 gari yenye zile za hatari ambazo hazijabadilishwa haipiti ukaguzi wa kuruhusiwa kutembea barabarani.

Na wewe unayetaka niing'oe eabegi nikuzimie taa yake ya onyo kwa rizista, tafuta fundi mwingine.

Gari yenye rikoli ya breki au steringi ndiyo siigusi kabisa kwa mbio mpaka itengenezwe, otokrosi yote ni kukanyaga na kukata kona, halafu kesho yake utaiteremsha mlima Kitonga na familia ndani.