Kontena halivuji, linatoka jasho

Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikaita kutoka Kigamboni. "Fundi, kontena lako linavuja!" Lilikuwa kontena la meli nililomtengenezea mama huyu, naye alikuwa akihifadhia vitenge humo, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Nikapanda ngazi, nikafungua ubao mmoja wa dari. Pamba ya kioo niliyoiweka kwa mikono yangu kuzuia joto ikashuka kama tambara la kudekia, maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Juu yake bati lilikuwa limejaa matone, na kutu imeshaanza kwenye mikunjo.

"Mama, halivuji. Linatoka jasho."

Usiku wa kipupwe, mawingu yakiwa hakuna, paa la chuma hupoteza joto lake kwenda angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na ikigusa chuma hicho hugeuka maji, kama bilauri ya maji ya barafu inavyolowa kwa nje. Kosa lilikuwa langu: niliacha nafasi kati ya pamba na bati, hewa ikapenya humo. Tulitoa pamba yote, tukakwangua kutu, tukapaka rangi ya kuizuia, kisha tukapuliza povu la poliurethani linaloganda moja kwa moja kwenye bati. Povu hilo hushika moto, kwa hiyo lazima lifunikwe kwa jipsamu.

Wengi wanaonitafuta, hata hivyo, kilio chao ni joto, na wanataka nianze kujaza kuta kihami, yaani kitu cha kuzuia joto. Mimi naanza juu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Paa ndilo linalopigwa. Weka paa la pili la mabati, liinue sentimita 30 au zaidi, acha pande wazi upepo upite. Paa la kontena lenyewe lipake rangi nyeupe. Kama kiwanja kinaruhusu, ncha fupi ndizo zitazame mashariki na magharibi. Nimeona duka likikalika mchana kwa hayo tu, kabla hatujanunua kihami hata kimoja.

Kwenye kuta, kumbuka chuma hupitisha joto zaidi ya mara 1,000 kuliko stairofomu, lile povu jeupe jepesi linalotumika kama kihami. Ukichomelea fremu ya chuma ukutani ili ushikilie jipsamu, umelijengea joto daraja. Tumia mbao. Nyaya za umeme zipite ndani ya bomba, kwa sababu ganda la waya likigusana na stairofomu muda mrefu hukakamaa na kupasuka. Unene nao una bei yake: upana wa ndani ni mita 2.35 tu, ukiweka sentimita 5 kila upande unabaki na 2.25. Kwa makazi nunua kontena refu, lenye mita 2.69 ndani kwenda juu. La kawaida lina 2.39, na ukishapiga dari utaliona fupi.

Sasa jambo linalonisumbua sana. Mafundi wanafuata maelekezo ya nchi za baridi, wanatandika nailoni nyuma ya jipsamu. Kule joto na unyevu viko ndani ya nyumba. Hapa, ukiwasha kiyoyozi, unyevu unatoka nje kuingia ndani. Unafika kwenye nailoni iliyopoa, unakwama, unageuka maji. Baada ya muda ukuta unanuka ukungu. Ziba matundu ya nje, kingo za madirisha na mahali bomba la kiyoyozi linapopita, na nailoni iache dukani.

Na kabla hujalala humo, soma kibati kilichopigiliwa mlangoni. Mbao za sakafu ya kontena, unene wa milimita 28, kwa kawaida hutiwa dawa ya wadudu kiwandani, na kibati ndicho kinachotaja dawa gani. Mwenye watoto wadogo namshauri aing'oe sakafu yote.